Kabla ya Kuweka Wanga

Mfuaji alikwangua kabichi kwa upande mmoja tu wa kikwangulio, maana upande wa pili meno yalishakwisha. Akakwangua na karoti, akanyunyiza chumvi, akachanganya kwa mkono, kisha akaliacha beseni pembeni ya jiko ili mboga zitoe maji yake. Ndivyo kinavyoanza kile chakula watu wanachokiita manchuria: madonge ya mboga yanayokaangwa mpaka yakauke nje, halafu yanarudishwa kwenye sosi nyeusi ya vitunguu saumu, tangawizi na pilipili. Wengine husema ni chakula cha Wachina waliofundishwa na Wahindi, wengine husema ni kinyume chake. Mfuaji hakujali nani alimfundisha nani. Yeye alifundishwa na binti yake.

Binti huyo jina la nyumbani aliitwa Chiriku, kwa sababu mdomo haukumtulia hata kidogo. Aliongea akila, aliongea akipiga mswaki, na usingizini alimalizia yale aliyokatizwa mchana. Mama yake alifua shuka za nyumba ya wageni na viganja vyake vilikuwa vigumu, lakini akifika kwenye kabichi mkono unalegea, maji yanabaki, na madonge yanapasuka kwenye mafuta. "Mama," Chiriku alikuwa akimwambia, "shuka za watu unazikamua mpaka zinaomba msamaha, kabichi yako mwenyewe unaionea huruma." Mama alikuwa akijibu kwamba shuka hailiwi, na mambo yanaishia hapo.

Chiriku alikuwa mkorogaji kiwandani. Kiwanda chenyewe kinatengeneza sosi ya soya kwa njia ya zamani. Soya na ngano vinalala kwenye maji ya chumvi miezi kwa miezi, ndani ya matangi ya zege yaliyochimbiwa chini, na juu ya kila tangi zimelazwa mbao za kupita. Mkorogaji anasimama juu ya mbao, anashusha mti mrefu na kukoroga. Kabla ya kuingia anavua viatu vyake, anaviweka rafuni mlangoni, anavaa mabuti ya kiwanda. Jioni mlinzi anatazama rafu. Rafu ikiwa tupu, watu wote wametoka. Viatu vikibaki, kuna mtu ndani. Hesabu hiyo haijawahi kukosea, na kwa hiyo kiwanda hakikuona haja ya nyingine.

Mwanzoni mwa mvua zilizopita, jioni moja, ndara za Chiriku zilibaki rafuni. Mlinzi akamwita msimamizi. Msimamizi akazitazama, akazitoa, akazifunga kwenye gazeti, na rafu ikawa tupu. Asubuhi yake zililetwa nyumbani kwa mfuaji, pamoja na ujumbe kwamba binti ametoroka kazini, na kwamba mama akimwona amkumbushe kurudisha mabuti.

"Mtoro gani anatoroka pekupeku?" mfuaji aliuliza.

"Katoroka na mabuti, mama," alisema aliyezileta, na hakusema kwa ubaya.

Mfuaji alikwenda kiwandani na kusimama mlangoni. Mbao zote zilikuwa nyeusi kwa uzee na chumvi. Juu ya tangi la katikati ubao mmoja tu ulikuwa mweupe, mpya, bado unanuka duka la mbao. Akamwambia msimamizi kwamba mwanawe amezama humo. Msimamizi akasema kiwanda hakina mtu aliyezama, kina mtoro mmoja. Kwa hiyo hapakuwa na maiti, wala kaburi, wala msiba. Majirani walitaka kumpa pole wakashindwa kujua waseme pole ya nini. Ni mshona viatu wa jirani tu aliyezishika zile ndara, akazigeuza chini juu, akasema, "Soli hizi nilizitia mimi wiki ileile. Mtu hakimbii akaacha soli mpya." Mfuaji aliziweka chini ya kitanda chake, upande wa kichwani, na usiku aliposhindwa kulala alikuwa akishusha mkono na kuzigusa.

Sosi ya tangi la katikati haikuwa na haraka. Ililala, ikaiva, ikachujwa kidogokidogo kwa bomba la chini bila tangi kufunguliwa, ikatiwa kwenye chupa, ikafika madukani. Chupa mojawapo ndiyo hii aliyoinunua mfuaji jioni hii bila kuwaza lolote, kwa kuwa kabichi ilikuwa nzuri na yeye alikuwa amechoka kula mkate na chai. Alikamua mboga kidogo tu, akachanganya na unga, akaviringisha madonge, akayatumbukiza kwenye mafuta. Matatu yakapasuka. Akayaopoa yaliyobaki, akakaanga vitunguu saumu, tangawizi na pilipili, akatia siki, akamimina sosi.

"Moto mkali huo, mama," sauti ilisema kutoka kwenye karai.

Mfuaji akapunguza moto. "Umechelewa," akasema.

"Tangi lilikuwa halijaiva. Na kabichi hukuikamua, nimeyaona madonge."

"Nilikuwa na mawazo."

"Mawazo na kabichi wapi na wapi," alisema Chiriku. Kisha akaeleza, kwa kuwa hakuwahi kungoja kuulizwa ndipo aseme. Ubao ulioza. Alimwambia bosi mara ya kwanza, akamwambia tena, na bosi akamjibu kanyaga taratibu. "Na nilikanyaga taratibu, mama. Usije ukaambiwa nilikuwa nacheza."

"Najua."

"Nimechoka na chumvi. Mwambie bosi alifungue tangi wanitoe. Unizike karibu na baba." Sosi ilianza kuungua pembezoni. "Weka wanga sasa, mama, utaharibu chakula."

Kwenye bakuli kulikuwa na wanga wa mahindi uliokorogwa kwa maji baridi, ndio unaoifanya sosi iwe nzito na ishike kwenye madonge. Mfuaji akaumimina. Sosi ikashikana, ikang'aa, na Chiriku akanyamaza. Mama yake alikula peke yake mpaka akamaliza, kwa sababu hakuweza kukitupa.

Haikuwa kwake peke yake. Mtaa mzima ulikuwa ukinunua sosi ileile, na kila jiko lilipata maelekezo. Mpishi wa nyumba ya wageni alisema binti anajua chumvi kuliko yeye, na tangu amsikilize hakuna mgeni aliyerudisha sahani. Mwenye duka alisema chupa hazikai. Watu walimpenda Chiriku, wakamsalimia, wakamuuliza na habari za biriani. Ila alipofika kwenye habari ya ubao, wengi waliwahi kuweka wanga, maana nani anataka mazungumzo hayo na watoto wako mezani.

Mfuaji alimwalika msimamizi nyumbani kwake kula. Msimamizi alikubali, kwanza kwa kuwa alipenda manchuria, pili kwa kuwa alikuwa amesikia sifa za sosi na hakuna aliyewahi kumpikia mbele yake. Alikuja na shati la kupigwa pasi, akafuta viatu mlangoni, akaketi. Mshona viatu naye aliketi, karibu na mlango, ili pawe na shahidi.

Siku hiyo mfuaji aliikamua kabichi. Aliiweka kwenye kitambaa, akaizungusha kama anavyoizungusha shuka, mpaka tone la mwisho. Madonge yakakaa imara kwenye mafuta, hakuna lililopasuka. Msimamizi akasema mama ana mkono mzuri. Kisha sosi ikamiminwa.

"Karibu, bosi," alisema Chiriku.

"Asante. Hujambo?"

"Sijambo. Nina chumvi tu."

"Mbona siku ile hukuaga?"

"Ubao ulivunjika."

"Si nilikwambia ukanyage taratibu?"

"Nilikanyaga taratibu, bosi."

Msimamizi akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayesikia jambo alilolijua zamani. Mshona viatu alimtazama mfuaji, na mfuaji alijua kwamba hapo ndipo penyewe: mtu wa kiwanda amesikia, na mbele ya shahidi, na hakubisha. Akaacha kukoroga.

"Bosi, naomba mfungue ta—"

"Weka wanga, mama, itaungua," alisema msimamizi, na kwa kuwa aliona mwenyeji wake ameacha kukoroga, alilichukua bakuli mwenyewe akamimina. Chiriku akakatikia hapo. Msimamizi akapakua.

Alikula kwa adabu, bila kuacha kitu. Alipomaliza akafuta midomo, akasema kwamba kiwanda kilikosea na yeye haoni aibu kulikiri. Walimwita binti mtoro, kumbe hakuondoka hata siku moja. Neno mtoro litafutwa kesho asubuhi.

"Basi mtafungua tangi," alisema mfuaji.

"Tangi? Hapana, mama. Tangi likifunguliwa kabla ya wakati sosi yote iliyobaki inaharibika. Na nimtoe kwa nini mtu aliye kazini?"

"Bosi," alisema mshona viatu kutoka mlangoni, "la kuvunda halina ubani. Ubao ulioza, mtu akafa."

"Hajafa mtu hapa. Wewe umewahi kusikia maiti anauliza hali ya moto?"

"Amezama," alisema mfuaji. "Mwanangu amezama."

"Amezama, ndiyo," msimamizi akakubali, na sauti yake ilikuwa ya heshima kabisa. "Amezama kazini. Laiti wote wangezama hivyo." Akasimama, akajinyoosha shati. "Na zile ndara, mama, tulikosea kuzileta huku. Mtu akiwa ndani, viatu vyake vinakaa rafuni. Ndio utaratibu."

Mfuaji alikuwa ameshaazimia moyoni kwamba tangi likikataa kufunguka, atazizika ndara. Atachimba mwenyewe pembeni ya mumewe, shimo dogo, na watu watakuja, na watampa pole inayojulikana ni ya nini. Lakini akiwanyima watu wa kiwanda ndara, Chiriku hayumo ndani, na kama hayumo ndani basi ni mtoro, na kila mtu atarudi kusema hivyo. Akiwapa, angalau kitakuwapo kitu duniani kinachosema mwanawe yumo mle. Aliinama, akazitoa chini ya kitanda. Mkanda mmoja ulikuwa umelegea. Mshona viatu akazichukua bila kuombwa, akaukaza pale pale kwa sindano aliyokuwa nayo mfukoni, na alipozirudisha hakumtazama mtu usoni.

Msimamizi akazifunga kwenye gazeti. Akaomba na madonge machache kwa ajili ya mkewe. Mfuaji akamfungia.

Ndara ziko rafuni hadi leo, safu ya juu. Jioni mlinzi anazitazama, anajua kuna mtu ndani, anafunga geti. Mkorogaji mpya naye alimwambia msimamizi kwamba ubao wa tangi la mwisho unalialia, akajibiwa akanyage taratibu. Kila mwezi kiwanda humletea mfuaji chupa ya sosi, lebo yake imenyooka, na salamu kwamba binti anaendelea vizuri.

Jioni iliyofuata ile msimamizi aliyokula kwake, mfuaji alipika tena. Alikamua kabichi mpaka kitambaa kikakauka. Alikaanga madonge, akaosha karai, akakaanga vitunguu saumu na tangawizi, akamimina sosi.

"Jana mlinikatiza," alisema Chiriku. "Bosi alisemaje?"

"Alisema wewe si mtoro."

"Nilijua tu atasema. Na tangi?"

Mfuaji akakoroga. "Alichukua ndara zako," akasema. "Zimerudi rafuni."

Sosi ilichemka kidogokidogo.

"Basi watanitoa," akasema, na alikuwa na furaha, mama yake aliisikia wazi. "Viatu haviwekwi rafuni kwa mtu asiyetoka. Si ndivyo, mama?"

Moto ulikuwa mdogo, sosi bado nyepesi, na hapakuwa na kitu kilichokuwa kikiungua. Mfuaji akachukua bakuli, akaweka wanga.