Karamu ya Baba Kui

"Mama Kui, hii kitu iko na tundu moja tu," fundi Mwangangi alisema, akikigeuzageuza kile kisanduku. "Router huwa na mbili. Intaneti inaingia huku, inatokea huku. Baba Kui aliuziwa kompyuta kuukuu, akadanganywa."

"Hakudanganywa. Yeye ndiye aliyeidanganya kompyuta."

Mume wangu Gachau alikitengeneza mwenyewe hapa Membley, miezi mitano kabla hajafariki, kiwe ukuta wa kuzuia wezi wa mtandaoni. Waya mmoja ulikwenda kwenye swichi, kile kifaa cha kugawa intaneti, na swichi ikabandika kila mzigo lebo, kama kreti za avokado kule Thika: hizi za ng'ambo, hizi za nyumbani. Lori ni moja na hakuna kinachochanganyika.

Wiki hiyo kampuni ya intaneti ilitubadilishia kifaa chao. Namba za kifaa hicho na za kisanduku zikagongana, kila kitu kikanyamaza. Ili kurekebisha, fundi alihitaji nywila ya kisanduku. Chini ya kisanduku Gachau alikuwa amebandika karatasi ya kujikumbusha: "Ya kuandikia."

"Kalamu," nikasema.

Ikakataa. Tukajaribu biro, penseli, hata chaki.

"Mama, wacha nifute yote nianze upya. Dakika kumi."

"Usifute."

"Kwani kuna nini humo?"

Kulikuwa na Gachau humo. Wi-Fi ya wageni haikuwa na nywila, lakini kila aliyejiunga alipokewa na ukurasa wake: "Karibu kwa Gachau. Kunywa chai kwanza. Kama wewe ni Ephantus jirani, rudisha ngazi yangu." Ephantus alikaa na ngazi hiyo tangu Krismasi, na hangeweza kulalamika bila kukiri anatumia intaneti yetu. Maneno hayo hayakuandikwa mahali pengine popote.

"Neno moja la mwisho," Mwangangi akasema. "Likikataa, nafuta."

Nikafumba macho nimsikie Gachau. Barua yake ya kwanza kwangu, alipofanya kazi hotelini Chania, ilianza hivi: "Wanja, samahani, karamu yangu imeisha wino." Dada zangu walicheka wiki nzima. R na L hazikuwahi kuelewana kinywani mwake, wala kwenye karatasi.

"Andika karamu."

"Si hiyo ni ya kula?"

"Yako ndiyo ya kula. Andika."

Kikafunguka. Mwangangi akapiga makofi, akabadilisha namba mbili tatu. Nikajiunga kwa simu yangu, na huyo hapo: Kunywa chai kwanza.

Nikabandika maji. Hayajachemka, Ephantus akawa mlangoni, simu mkononi.

"Mama Kui, imerudi?"

"Imerudi nini?"

Akaificha simu mgongoni. "Stima."

"Stima haikupotea, Ephantus."

Mwangangi akageukia ukuta, mabega yakimtikisika. Nikamvutia jirani kiti.

"Kunywa chai kwanza," nikamwambia. "Ukimaliza, utaenda kuleta ngazi."