Lengalenga Iliyochelewa

Lengalenga za Fébronie, mchicha wa kwao Burundi, zilikuwa na wazimu, sina neno jingine la kutumia. Zilichipua vizuri kama mboga za watu wengine wote, zikatoa majani manne, matano, halafu, zikiwa bado hazijafika hata kwenye goti, zikatoa masuke na kuanza kuchanua. Ukizichuma zote unapata konzi moja. Ukiipika hiyo konzi, kinachobaki kwenye sufuria ni cha kuonja, si cha kula.

Bustani yenyewe ilikuwa kipande cha ua nyuma ya nyumba ya Bi Shadia, pale Kasingirima, katikati ya bafu na ukuta wa jirani. Bi Shadia ndiye mwenye nyumba, mjane mnene wa Ujiji, mwenye moyo mweupe na mdomo usiojua kupumzika. Kila asubuhi alisimama mlangoni na mswaki mdomoni akizitazama mboga zile kama mtu anayetazama wagonjwa.

"Mwanangu, mboga zako zina haraka. Zinakwenda wapi?"

"Ni udongo, bibi."

"Udongo! Udongo huu huu mchicha wangu unanifika kiunoni."

Ni kweli ulimfika kiunoni, na kiuno chenyewe hakikuwa chini. Mara nyingi Bi Shadia alimgawia mbegu zake, na kila mara Fébronie alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha hakuzipanda. Hakuwa na kiburi. Alizitaka zake, zilizotoka kwa mama yake mzazi, kule mlimani juu ya Nyanza-Lac, ng'ambo ya mpaka. Zile zilikuwa lengalenga kweli: shina jekundu nene, majani mapana kama kiganja cha mwanamume. Ulivunja ncha leo, kesho kutwa likachipua matawi mawili, na tuta moja likailisha nyumba nzima hadi kiangazi. Mama yake alikuwa amekufa, nyumba ilichomwa moto, na Fébronie hakuwa na mtoto. Mbegu zile zikipotea, hakuna kitu duniani kitakachobaki kuonyesha kwamba yule mama aliwahi kuishi na kulima.

Kwa hiyo alihangaika. Alitia mbolea ya mbuzi, alitia majivu, alihamisha tuta kutoka juani kwenda kivulini na kulirudisha tena juani. Lakini kila msimu mboga zilizidi kuwa fupi, na maua yalizidi kuwahi.

Tuelezane alivyofika hapo. Mwaka ule wa mauaji huko kwao, Calixte, mume wake, alimshusha mlimani hadi ziwani akampandisha mtumbwi uliokuwa umejaa watu. Yeye hakupanda. Baba yake mzee alikuwa amebaki juu, hawezi kutembea, na Calixte hakuwa mtu wa kumwacha baba. "Tangulia," alisema. "Nakuja nyuma." Fébronie alitangulia. Alikuwa na nguo aliyovaa na mbegu alizokuwa amezichambua siku hiyo, zimefungwa kwenye pindo la kitenge.

Wakimbizi wenzake wengi walipandishwa malori na kupelekwa kwenye makazi ya mbali, huko porini, wakapewa mashamba. Yeye alijificha kwa Bi Shadia, akabaki. Calixte angekuja kwa maji, na mtu anayekuja kwa maji atamtafuta mkewe ufukoni, hatakwenda kumtafuta porini. Ndivyo alivyojiambia. Mitumbwi ya kaskazini ilipotia nanga Kibirizi, alikwenda akasimama kando ya vichanja vya dagaa akatazama wanaoshuka. Wakiisha kushuka wote, alirudi nyumbani. Alifanya hivyo miaka mitano, na hakuna mtu aliyewahi kumwuliza anamsubiri nani. Nadhani hilo ndilo lililomwuma zaidi.

Na kwa sababu alikuwa mtu wa kuondoka wakati wowote, aliishi hivyo. Hakupanda muhogo, kwani muhogo unataka mwaka mzima. Nyuma ya mlango wake kulikuwa na kifurushi: blanketi, sufuria, na mbegu. Mbegu hasa ndizo zilizomtia wasiwasi. Je, Calixte akitokea kesho aseme twende, na mbegu hazijakomaa? Hivyo kila msimu, shina la kwanza kutoa suke ndilo alilolifunga uzi liwe la mbegu. Siku likikauka tu, alilifikicha kiganjani, akapepeta kwa pumzi, akazifunga mbegu kwenye kitambaa na kuzitia kwenye kifurushi. Hapo roho yake ilitulia. Mashina yaliyobaki aliyala, akianzia na yale yaliyokawia, kwa sababu hayo ndiyo yaliyokuwa na majani. Mtu mwenye njaa hali maua.

Najua wewe msomaji umeshaona kosa liko wapi. Ulime na wewe miaka mitano huku umesimama mguu mmoja, ndipo utajua kama ungeliona.

Msimu ule wa vuli, shina moja liliota peke yake pale maji ya bafu yanapotokea. Wenzake wote walikuwa wameshachanua, lenyewe halikuwa na habari. Lilinenepa, likatoa majani, likapita goti. Fébronie alikuwa ameinama juu yake na kisu mkononi wakati Bi Shadia alipotokea na ndoo.

"Leo utakula ushibe. Lakini si uliache hilo litoe mbegu? Mbona zuri?"

"Litachelewa, bibi."

"Litamchelewesha nani?"

Bi Shadia aliuliza tu, kama anavyouliza mambo yote, akaingia bafuni akaanza kumwaga maji na kuimba. Fébronie alibaki ameinama. Alimwona mama yake waziwazi, akizunguka tuta na kamba ya mgomba mkononi, akiyapita mashina yenye maua bila hata kuyatazama, akitafuta lile lililokawia kuliko yote ili alifunge shingoni. Mtoto aliyeligusa shina lenye kamba alichapwa. Yeye mwenyewe aliwahi kuchapwa. Kazi hiyo aliijua tangu hajaota meno ya utu uzima, na bado kila msimu alikuwa amekula mboga za mama yake na kutunza zile zenye pupa. Haikuwa kosa la udongo. Yeye ndiye aliyezifundisha kutokukaa.

Aliketi chini palepale kwenye tope, akacheka kidogo, kisha machozi yakamtoka.

Alipoinuka alifanya kazi haraka. Aling'oa mashina yote yaliyochanua, vumbi la maua yake lisije likaliharibu lile moja. Alichukua kitambaa cha mbegu kwenye kifurushi akawamwagia kuku wa Bi Shadia, wakazigombania. Kisha alilifunga lile shina kamba ya mgomba. Sasa urithi wote wa mama yake ulikuwa shina moja kando ya maji ya bafu, na yeye alikuwa mtu asiyeweza kuondoka. Usiku ule alilala kama mtu aliyesahau mlango wazi.

Shina lilikuwa limeanza kutoa suke ndipo Kubwimana alipokuja. Huyu alikuwa mtu wa mlima uleule wa kwao, aliyekuwa akibeba magunia ya dagaa Kibirizi. Alipiga hodi na kofia mkononi.

"Amahoro, Fébronie."

"Amahoro. Karibu ndani."

Hakukaa. Alisema kule nyumbani utawala umebadilika, watu wanaitwa warudi, waliotangulia wamefika salama na wengine wamepata hata mashamba yao. Boti inaondoka Jumamosi. Yeye anakwenda, na wengine wa kwao wanakwenda. "Twende sote. Ukiwa na watu hutaogopa."

"Na Calixte?" aliuliza Fébronie. Aliuliza kama alivyomwuliza kila mtu wa kaskazini, kwa sauti nyepesi, kama anayeuliza bei.

Kubwimana aliigeuzageuza kofia yake. "Ukifika huko ndiko utakapojua," alisema.

Jumamosi alfajiri Fébronie alikwenda kwenye tuta akaminya suke. Mbegu zilitoka nyeupe, laini, zenye maji. Zilikuwa bado sana. Hata hivyo alichukua kifurushi akaenda Kibirizi.

Watu walikuwa wamejaa, wanawake na vyungu vyao, watoto, kuku wamefungwa miguu. Kubwimana alikuwa ameshapanda, akamnyooshea mkono. Fébronie alisimama majini hadi magotini, mkono wake akaurudisha.

"Mbegu zangu hazijakauka," alisema.

Mama mmoja aliyekuwa botini alicheka. "Yoo! Burundi yote imekosa lengalenga, dada?"

Wengine wakacheka pia, na hawakuwa na ubaya, walikuwa na furaha ya kurudi. Fébronie mwenyewe alijua kuwa amesema jambo la kipuuzi. Mtu haachi nchi yake kwa sababu ya suke bichi. Kubwimana ndiye ambaye hakucheka. Alishuka tena majini akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini, polepole, ili asikie yeye peke yake: wiki ile ya mauaji na yeye alikuwa mlimani, amejificha migombani. Waliorudi juu kuchukua wazee wao, hakuna aliyeshuka. Hata mmoja.

"Ndiyo," alisema Fébronie. "Najua."

Na alijua. Alijua tangu ule mwaka wa kwanza. Askari hawakumtisha, safari haikumtisha. Alichokiogopa ni kile kizingiti cha nyumba yao, kukifikia na kukuta hakuna mtu. Akiwa Kasingirima, Calixte bado yuko njiani. Miaka mitano alikuwa amefunga kifurushi tayari kwa safari, na kazi ya kifurushi kile ilikuwa moja tu, kumzuia yule mume asife.

Boti iliondoka. Watu walipunga mikono, yeye akapunga. Akarudi Ujiji kwa miguu chini ya jua kali, sehemu ya chini ya nguo ikimkaukia miguuni, na hakukutana na mtu anayemjua njia nzima.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Watu wachache aliokuwa akiongea nao lugha yake walikuwa wameondoka na boti ile. Alimwagilia, akafukuza ndege, akalala. Bi Shadia alipomtania alitabasamu kwa adabu. Kibirizi hakwenda tena, na jioni za mitumbwi hakujua aifanyie nini miguu yake. Shina lilizidi kurefuka mpaka likamfika begani, suke likainama kwa uzito, likageuka rangi ya damu kavu. Mwishowe alilitikisa kidogo, na mbegu chache zikaanguka kiganjani, nyeusi, ngumu, zinang'aa.

Alilikata asubuhi, umande ulipokauka. Alitandika mkeka uani, akalifikicha suke kwa viganja, akapeta kwenye ungo, na makapi yakaruka. Mbegu zilitoka nyingi kuliko alivyokuwa amezoea, lundo dogo zuri. Bi Shadia alivuta kigoda akakaa karibu, akachota chache akaziangalia kwenye mwanga.

"Haya, hizi sasa zina akili," alisema. "Mumeo akija atakuta mboga ya kueleweka."

Alikuwa ameyasema maneno kama hayo mara nyingi, kwa wema, na kila mara Fébronie alimjibu, "Inshallah, bibi," ingawa yeye ni Mkristo. Safari hii aliuweka ungo chini.

"Bibi, mume wangu amekufa."

Kwa mara ya kwanza tangu wajuane Bi Shadia hakuuliza swali, si nani kaleta habari, wala kwa njia gani. Alirudisha zile mbegu kwenye ungo, akahakikisha hazikubaki kiganjani, akasimama, akakaza kanga kiunoni, akatoka mpaka barabarani.

"Jamani!" sauti yake ikasikika hadi nyumba za mbali. "Jamani, majirani! Hapa kwangu kuna msiba!"

Wakaja. Wanawake wa mtaa, Waislamu na Wakristo, wakiwa wamejitanda kanga, mmoja kabeba mkeka, mwingine unga, mwingine kuni. Wengi wao hawakujua hata jina la yule mgeni wa uani. Walikaa kumzunguka, wakamshika mabega, na Fébronie akalia kwa sauti, kilio kile cha mlimani kwao chenye kumtaja marehemu na ukoo wake, ambacho kwa miaka mitano hakuwa na mtu wa kulia naye. Kilio hakikueleweka maneno yake, lakini walikiitikia.

Mama mmoja mzee alichelewa, akaingia akihema. Alimshika Fébronie mkono, na kama ilivyo desturi akauliza, "Pole sana, mwanangu. Amefariki lini?"

Fébronie aligeuka kumtazama Bi Shadia.

"Leo asubuhi, shoga," alisema Bi Shadia, akimpisha mkekani. "Sogea ukae."