Mlango wa Samaki

Hisham, mtoto wa marehemu mdogo wangu, alipokuja kwangu Matrah akakiweka kikombe chini bila ya kukigusa, nilijua ana haja. Kwetu mgeni mwenye haja hanywi kahawa mpaka mwenyeji amwambie, "Kunywa, umepata." Ukishatamka hivyo, umejifunga. Nilidhani anataka nimposee mke wa pili, nikaanza kutafuta ugonjwa wa kusingizia.

Kumbe anataka hori letu, ule mkono wa bahari ulioingia mtaani kwetu. Kampuni yake ijenge ukuta kwenye mdomo wa hori, maji yakijaa yafungiwe ndani, yakitoka yazungushe mapanga ya mashine ya kutoa umeme.

"Jua linazama, mama mkubwa, na upepo unalala," akasema. "Lakini maji kujaa na kupwa hayana likizo. Hayatoi moshi, na saa zake tunazijua mapema."

"Na samaki wa kina Wadha, majirani zangu?"

"Tutaacha mlango mmoja wazi daima. Wataingia na kutoka kama wenye nyumba. Nnataka wewe uwaambie majirani. Wewe wanakuamini."

Hilo kweli. Mimi uongo wangu wote naumalizia kwenye karata.

"Kunywa, umepata," nikamwambia. Akanywa.

Nikaenda kwa jirani yangu Wadha, ambaye wanawe wanatega samaki horini.

"Khole, una hakika?" akaniuliza.

"Mlango utakuwepo. Kaniambia mwanangu."

Wadha akawatuliza wenzake, wakakubali.

Ukuta ukajengwa. Umeme ulitoka kweli, sina la kusema, bila moshi wala kelele. Lakini mlango haukuwepo. Samaki wakabaki nje, ndani matope yakajaa, maji yakaanza kunuka, wanawe Wadha wakakunja nyavu. Wadha hakunigombeza. Asubuhi alipita mbele ya nyumba yangu kama anayepita duka lililofungwa.

Nikampigia simu Hisham. "Mlango mmeusahau?"

"Haukuwemo kwenye ramani, mama. Maji yakipita bure, umeme unapotea."

"Ulijua siku ile?"

"Bila ya hivyo wasingekubali."

Kwa hiyo kahawa yangu aliinywa anajua.

Nikangoja karamu yake ya kupandishwa cheo, nyumbani kwake Khuwair ya Kusini. Wakubwa wake wa kazi wamejaa sebuleni. Nikaingia kuwaamkia, kizee hafukuzwi. Hisham mwenyewe akanimiminia kahawa. Nikakipokea kikombe, nikakiweka chini.

Mazungumzo yakafifia. Hakuna asiyejua maana yake mle ndani.

"Kunywa, mama mkubwa," akasema mbiombio, "umepata."

"Nimepata nini, na mimi sijasema?"

"Chochote utakacho."

"Nnataka mlango wa samaki, ule ulioniahidi. Waambie na wakubwa zako hapa, wasikie."

Mkubwa wake akamgeukia. Hisham akalitazama zulia, kisha akanyoosha mkono kwenye kikombe changu.

"Hii imepoa. Ntakumiminia nyengine."

"Usijisumbue, mwanangu. Ile uliyoinywa kwangu inatutosha sote."

Nikatengeneza ushungi wangu nikaondoka. Kikombe kikabaki kimejaa katikati ya wageni, na hakuna aliyethubutu kukiondoa. Mlango wa samaki haujafunguliwa mpaka leo, nami sijaingia tena kwa Hisham. Siku ile harufu ya hiliki ya kahawa ilinifuata hadi uani. Na bahati yangu mbaya, mkewe Jumana ndiye anayepika kahawa nzuri kuliko wote Maskati.