Ndoo ya Aiskrimu Mapajani mwa Boazi

Mgeni alifika kwa Ferdinand, mtaa wa Sogea, Tunduma, mchana wa Krismasi, Sekela akiwa barazani anaponda peremende. Alikuwa amezifunga kwenye kitambaa na kuzigonga kwa mchi, taratibu, maana mama mdogo wake Conjesta alitaka vipande, hakutaka unga. Mgeni alisimama getini mpaka akaribishwe. Alikuwa kijana mrefu, mwenye buti za mpira na tochi ya kichwani, na vumbi jekundu lilikuwa likimdondoka mabegani bila kukoma.

"Hodi hapa."

"Karibu. Krismasi njema."

"Na kwako, dada. Bosi yupo?"

Alipompita, Sekela alihisi ubaridi kama mtu amefungua mlango wa friji. Conjesta naye aliuhisi, akatoka jikoni akiifuta mikono kwenye kanga. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, na ndani ya friji kulikuwa na ndoo ya aiskrimu aliyoihangaikia tangu juzi: maziwa mazito ya wafugaji wa bondeni Momba, sukari, na peremende nyekundu na nyeupe alizoletewa kutoka ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Kanisa zima lilikuwa limesikia habari za soda ya povu ya Conjesta. Glasi ndefu, donge la aiskrimu, soda juu yake mpaka povu lipande, halafu vipande vya peremende. Wageni walikuwa njiani na aiskrimu ilikuwa imeanza kulegea.

Conjesta alimtazama kijana kutoka kwenye buti hadi kwenye tochi.

"Hebu kaa hapa," alisema, akamsogezea kiti cha plastiki. Akaileta ndoo, akamwekea mapajani. "Ikumbatie vizuri. Usiitingishe."

Baada ya muda mfupi aiskrimu ilikaza tena. Conjesta akapanga na kreti ya soda miguuni pake.

Ferdinand, mume wa Conjesta, alitoka chumbani akifunga vifungo vya shati jipya.

"Boazi," alisema. "Nani kakuruhusu kutoka?"

"Nimetoka mwenyewe, bosi. Wenzangu wamebaki."

"Galula mpaka hapa umekuja na nini?"

"Kwa chini ni karibu."

Ferdinand aliitikia kwa kichwa, akaenda kupanga viti.

Duara lake, shimo la kuchimbia dhahabu huko Galula, lilikuwa limeporomoka kabla ya mvua kuanza. Matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta za shimo, yalikuwa yameoza, naye alikuwa ameahidi mapya wakishapata mzigo wa kwanza. Vijana wanne walikuwa chini. Siku ya pili Ferdinand aliamuru mdomo wa shimo ufukiwe, na ndugu zao walipopiga simu akawajibu kwamba vijana wamekimbilia machimbo mapya upande wa Chunya, vijana wa siku hizi hawana shukrani. Sekela alikuwa akilisikia jibu hilo mezani, wakati wa uji. Alikuwa amemaliza chuo cha ualimu, anasubiri ajira, na alikuwa akiliamini, kwa sababu aliamini mtu anayekulisha hawezi kukulisha na uongo.

Wageni walikuja. Mzee Yonasi wa kanisani alimpa Boazi mkono, akaupuliza mkono wake upate joto, akakaa. Witness, wifi yake Conjesta kutoka Nakonde, alisalimia kwa Kibemba, kwa sauti ya sokoni.

"Mulishani mukwai! Oo, mmepata friji la kusimama lenyewe!"

"Hili halili umeme, wifi," Conjesta alisema.

"Nikodishieni mwaka mpya. Mimi kwetu giza, samaki wananiozea."

Watu walicheka. Boazi naye alitabasamu kidogo, akaiweka sawa ndoo. Mzee Yonasi aliomba, akawakumbuka wagonjwa, wafungwa na wote walio mbali na nyumbani. Boazi alisema amina pamoja na wengine.

Kazi ya Sekela ilikuwa kuchota. Kila glasi ilimlazimu kuinama mbele ya kijana, na kila alipoinama vumbi lilimwangukia kwenye nywele. Alikuwa mwangalifu lisiingie ndani ya ndoo.

"Dada," Boazi alisema kwa sauti ya chini. "Unapafahamu Ihanda?"

"Napafahamu."

"Mama yangu yuko kule. Ulizia Mama Boazi, ukishapita mashine ya kusaga. Nilimwambia Krismasi hii nitampelekea kitu cha baridi. Hajawahi kuonja barafu toka azaliwe."

"Si uende mwenyewe?"

"Kwa chini hapapitiki. Mwamba mtupu." Alingoja Sekela ajaze glasi nyingine. "Kila jioni ananiwekea chakula. Anafunika. Asubuhi anawamwagia kuku. Utampelekea?"

"Nitampelekea."

"Na utamwambia niliko?"

Sekela alinyooka na kijiko mkononi. Watu barazani walikuwa wamegeuka. Baba mdogo wake alikuwa anamtazama, povu likiwa kwenye mdomo wa juu.

"Nitamwambia," alisema.

"Sekela," Ferdinand alisema, bila hasira, kama anayemwelekeza mtu njia. "Ile nafasi ya kufundisha nimekutafutia mimi. Chumba unacholala ni changu. Ukienda Ihanda, beba na begi lako kabisa, usije ukajisumbua mara mbili."

Sekela alimgeukia Mzee Yonasi.

"Mzee, umesikia alichosema huyu kaka?"

"Nimesikia, mwanangu. Tumesikia wote."

"Basi?"

Mzee aliizungusha glasi yake kuangalia peremende zilizobaki chini. "Leo sikukuu. Mambo ya machimbo yana siku yake."

Witness aliomba aongezewe povu.

Sekela aliichukua chupa ya chai ya Conjesta, ile kubwa yenye maua. Akachota aiskrimu ya mwisho, akamimina soda na peremende, akafunga haraka povu lisimzidi.

"Chupa yangu irudi," Conjesta alisema, macho yakiwa chini.

"Itarudi, mama mdogo."

Boazi aliikabidhi ndoo tupu kwa mikono miwili. "Bosi, naweza kwenda sasa?"

"Nenda. Wasalimie wenzako."

Alikwenda hadi pembeni ya ua, pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa, akazama ardhini taratibu, miguu, kiuno, kisha tochi. Conjesta alilizoa vumbi la chini ya kiti, akalimwaga kwenye maua. Umeme ulirudi, redio ikaanza kuimba yenyewe.

Venance wa bodaboda alimpakia Sekela na begi lake. Waliipita foleni ya malori iliyokuwa imelala kuanzia mpakani mpaka nje ya mji, madereva wakichemsha chai chini ya matela.

"Kwa Ferdinand umekaa pazuri," Venance alisema akigeuza shingo. "Mdogo wangu kaitwa. Wanafungua duara jipya pembeni ya lile la zamani."

"Matimba?"

"Yatachomolewa ya kule kule, yale yaliyobaki mazima."

"Mle ndani kuna watu, Venance."

"Najua. Nani asiyejua?"

"Usimwache mdogo wako aende."

"Sasa aende wapi, dada?"

Waliacha lami, wakashika njia ya Ihanda.

Mama Boazi alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye sauti ya upole. Alimkaribisha, akamfutia kigoda. Sekela alimimina kwenye kikombe cha bati. Povu lilikuwa limekufa na aiskrimu imeyeyuka yote. Kilichotoka ni maziwa ya rangi ya waridi, yenye ubaridi wa maji ya mtungini tu. Akamkabidhi, akamwambia yote kwa mpangilio, bila kupunguza, kwa sababu ndivyo alivyoahidi.

Mama alisikiliza akiwa ameshika kikombe.

"Alikuwa amevaa sweta?"

"Hapana, mama."

"Nilimfungia sweta." Akanywa. "Wanaweza kumtoa?"

"Baba mdogo anasema haiwezekani."

"Na wenye serikali?"

"Nitakwenda kuwaambia. Watauliza mwili uko wapi."

"Si uko huko?"

"Ndiyo, mama. Uko huko."

Mama alikunywa chote, polepole, hakubakiza, maana zawadi ya mtu haibakizwi. "Kitamu," alisema. "Kinachoma puani." Kisha aliingia jikoni, akakaa huko muda mrefu. Sekela alisikia kuni zikivunjwa.

Alitoka na chupa imesuuzwa, imejazwa kahawa ya shambani kwake, ya moto.

"Mpelekee mwenye chupa," alisema. "Chombo cha watu hakirudi kitupu."

"Ahsante, mama. Nitampelekea."

Mvua ilikuwa inajikusanya upande wa Mbozi. Sekela alirudi barabarani, akaweka begi chini, akasimama kungoja gari la kwenda Tunduma, akapige hodi kwenye geti ambalo hangefunguliwa zaidi ya upana wa chupa.