Harage Lililozidi

Nyumbani walimwita Kipusa, na jina hilo likamfuata mpaka darasa la pili. Alipenda kusoma, lakini hesabu za kutoa zilimtisha. Asubuhi hiyo mwalimu alipita haraka haraka akigawa maharage makavu juu ya madawati.

"Kila mtu ana kumi na tatu. Toeni saba. Yaliyobaki yapangeni mstari, nakuja kuangalia."

Kipusa alitoa, akapanga, akahesabu. Saba. Akarudia tena, saba. Akatupa jicho kwa Domo, msichana aliyekaa naye dawati moja: sita. Dawati la mbele: sita. Juzi tu mtoto aliyekosea alisimamishwa mbele ya darasa, akahesabu kwa sauti huku wenzake wakimcheka mpaka akajikojolea.

Mwalimu alikuwa amebakiza dawati moja kuwafikia. Akirudisha moja kwenye yale saba aliyotoa, yangekuwa manane. Gauni la shule halikuwa na mfuko. Mdomoni je? Walishaambiwa harage bichi ni sumu. Kipusa akachukua harage moja, akalipenyeza sikioni kama mtu anayejikuna.

"Sita! Safi sana," mwalimu akasema, akaweka alama ya vema.

Alipojaribu kulitoa, kidole kikalisukuma ndani zaidi.

Kipindi kilichofuata kilikuwa cha kusoma. Watoto walikaa mkekani, kila mmoja akisoma sentensi moja kwa zamu. Upande wa kulia Kipusa alisikia kama aliyefunikwa blanketi.

Domo akamfinya. "Wewe, unaitwa!"

Akakurupuka, akasoma sentensi ambayo ilikwisha kusomwa. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akamkazia macho. "Leo umepatwa na nini?"

"Hakuna, mwalimu."

Wakati wa mapumziko alimvuta Domo pembeni, akamwapisha, kisha akamwambia. Domo akatoa macho kama aliyeona nyoka.

"Litaota! Si unakumbuka tulivyopanda maharage kwenye pamba? Mizizi itashuka kooni, na jani litatokea puani."

"Acha uongo."

"Haya. Ila usioge. Likipata maji tu, umekwisha."

Jioni mama, aliyekuwa fundi cherehani, alimwita bafuni.

"Leo sijachafuka, mama."

"Umeanza lini kutochafuka, bibi harusi wewe? Njoo hapa!" Maji yakamwagika kichwani, na Kipusa akayasikia yakiingia.

Kufikia chakula, sikio lilikuwa linapwita. Hakula. Kila mara alijipapasa pua, na kila alipomeza mate alihisi kitu kinatambaa kooni. Mwishowe kilio kikamshinda.

"Mama, linaota!"

"Nini kinaota?"

Yote yakamtoka kwa kwikwi. Mama akachukua kibanio cha nywele, akakisogeza sikioni, akakirudisha mezani. Mkono wake ulikuwa unatetemeka. Kipusa hakuwahi kuuona ukitetemeka, mkono uliotunga uzi kwenye sindano huku mama akipiga soga. Hapo ndipo alipoogopa kweli.

Zahanati haikuwa mbali. Tabibu alijifunga taa kwenye paji la uso, akachungulia.

"Limevimba, limebana. Nikikosea kidogo nitaumiza ngoma ya sikio. Utatulia, binti yangu?"

Kipusa akafumba macho. Muuguzi akamshika kichwa, mama akamshika miguu. Kitu cha baridi kikaingia, kikakwaruza. Ulikuwa mkwaruzo wa ajabu, kama mtu anapalilia ndani ya fuvu lake. Maumivu yakapanda mpaka jichoni. Akauma meno. Halafu sauti za chumba zikamrudia zote kwa mpigo, na mama alikuwa akisema, "Ee Mungu, ee Mungu."

"Lina jani?" Kipusa akauliza.

Tabibu akalitazama vizuri, bila kucheka. "Bado."

Asubuhi mama alimpeleka mwenyewe darasani, sikio likiwa na pamba, akaeleza. Mwalimu akachuchumaa mbele ya mtoto.

"Kwa nini hukuniambia umepata saba?"

"Ungenisimamisha mbele."

Mwalimu akaweka goti chini.

"Kabla ya kutoa, yalikuwa mangapi?"

"Sijui. Ni yale uliyonipa."

"Na mimi niliyagawa mbio mbio," mwalimu akasema polepole. "Huenda nilikuzidishia moja. Huenda saba yako ilikuwa sahihi."

Hapo Kipusa akalia, akalia kuliko alivyolia jana nyumbani, na mama, aliyekwisha kufika mlangoni, ikabidi arudi.