Maziwa ya Safari ya Pili

Pantoni ya Garissa ilivutwa kwa waya, na kila asubuhi Sugow aliupaka waya huo mafuta mabovu ya ng'ombe kabla abiria hawajafika. Mafuta yalinuka. Mbao nazo zilinuka kinyesi cha mbuzi, jasho la watu waliosubiri vibali, na bia iliyomwagika jana na juzi. Harufu ya mbuzi Sugow alizaliwa nayo. Ile ya bia ilimfanya ateme mate mtoni kila alipovuta pumzi.

Bia ilipanda pantoni mwaka wa sitini na sita, vita vya jeshi na waasi wa shifta vilipopamba moto. Askari mmoja mlevi alilifyatulia risasi tangi la maji la kambi akidhani ni adui, kambi nzima ikalala bila kunawa. Ikatoka amri: pombe marufuku ukingo wa mji, marufuku ukingo wa ng'ambo. Aliyeandika amri aliusahau mto. Mlevi hasahau kitu kama hicho. Haikupita wiki, mzabuni wa nyama ya jeshi, mtu mnene wa kutoka bara ambaye mikono ya shati lake haikukauka mafuta, alitambua kwamba pantoni ikiwa katikati ya Tana haiko ukingo wowote. Akaja na kreti na kiti cha kukunja. Alivuka akinywa. Pantoni ilipofika ng'ambo hakushuka. Akarudi akinywa, upande wa mji hakushuka vilevile, akavuka tena.

Wenzake wakamfuata, kila mmoja na kiti chake. Watu waliokuwa na vibali halali vya kuvuka wakawa wanabaki ukingoni na mbuzi wao, wakitazama nafasi yao ikivuka na kurudi imekaliwa na makalio ya walevi. Wenyewe walijiita abiria wa safari mfululizo, bila haya.

Msimamizi wa kivuko hakuwafukuza. Aliwawekea kanuni, akaziandika kwa rangi nyeupe kwenye ubao na kuupigilia misumari karibu na mnyororo wa kufungia pantoni. Kileo ni ruhusa pantoni ikiwa majini. Pantoni ikigusa ukingo, kila chupa izibwe na ikabidhiwe kwa mtunzaji. Abiria asiyeshuka, ambaye anaendelea na safari ya pili, atarudishiwa chupa yake pantoni ikiachana na ukingo. Kitakachobaki baada ya safari ya mwisho kimwagwe mtoni, wala kisifike nchi kavu. Mtunzaji ni mvuta waya.

Mvuta waya alikuwa Sugow.

"Bwana, mimi Islamu," alimwambia msimamizi. "Hii chuba mimi siwezi shika. Yule anakunywa, yule anauza, yule anabeba, yote laana moja."

"Hujaambiwa unywe. Umeambiwa ushike."

"Kushika ndiyo hiyo kubeba."

"Na kibali chako cha kutoka kijijini," msimamizi akauliza, "nani hukipiga muhuri?"

Wakati huo watu wote wa pale walikuwa wamekusanywa katika kijiji kilichozungushiwa seng'enge, na asiyekuwa na kibali hakupita langoni hata kwa kuokota kuni. Akazishika chupa. Alizishika kwa kitambaa, akaziweka kwenye sanduku la mbao, kisha akajisugua mikono kwa mchanga na maji mpaka ngozi ikapasuka. Nyumbani mkewe alimtengea kikombe chake peke yake. Hakumlaumu mkewe, maana hata yeye mwenyewe alijionea kinyaa.

Kando ya lango la kijiji aliishi Ebla, mjane, na mjukuu wake Naimo. Mama yake Naimo alifariki siku chache baada ya kujifungua, na mtoto alikua kwa maziwa ya ngamia wa bibi yake. Kisha ngamia wakakutwa wanalisha nje ya mpaka uliowekwa, wakachukuliwa wote. Ebla aliambiwa wamepelekwa ng'ambo, wanatunzwa. Tangu hapo Naimo alinyweshwa chai ya rangi na uji mwepesi wa unga wa msaada, na tumbo lake likawa kubwa na miguu yake vijiti. Kila asubuhi Ebla alikwenda kwenye dirisha la msimamizi.

"Ngamia yangu iko wabi? Mimi sitaki wote. Nataka moja ya kukama. Mtoto anakufa."

"Wanatunzwa, mama. Subiri."

Ebla alisubiri. Kila jioni alikifukiza chombo chake cha maziwa, dhiil ya kusukwa kwa mizizi, kwa kijiti kilichowashwa, ingawa hakikuwa na cha kutia. Huko kila nyumba ina mti wake wa kufukizia na namna yake ya kuuchoma, na mwanamke huijua harufu ya maziwa ya nyumba yake jinsi anavyoijua sauti ya mwanawe. Chombo kisipofukizwa huoza, na Ebla hakutaka ngamia warudi wamkute na chombo kilichooza.

Siku ya kwanza mzabuni aliporudishiwa maziwa badala ya bia, pantoni ilikuwa imetoka ng'ambo na inaelekea mjini. Alikuwa amekabidhi chupa nusu. Alirudishiwa chupa nusu. Akapiga funda, akatema kwenye mbao.

"Hii ni nini?"

Sugow alitazama. "Maziwa, bwana."

"Naona ni maziwa. Bia yangu iko wapi?"

"Ilikuwa hapo."

Wengine nao wakafungua chupa zao. Zote zilikuwa maziwa, meupe, mazito, yenye povu la kukamuliwa sasa hivi. Mmoja alitapika ubavuni mwa pantoni, akasema tangu utotoni hawezi maziwa yenye moshi. Mzabuni alidai msimamizi amlinde dhidi ya wizi. Sugow akapekuliwa mpaka ndani ya kilemba. Sanduku likabadilishwa, likaletwa la chuma lenye kufuli, ufunguo ukakaa mfukoni mwa msimamizi. Chupa zilizokaa humo pantoni ikiwa imegusa ukingo zilitoka na maziwa. Chupa mpya, ambayo haijawahi kukabidhiwa, ilibaki bia. Msimamizi alipima mambo hayo kwa kuonja, akaridhika kwamba hakuna mwizi, akamwachia Sugow ufunguo, akaenda kula chakula chake cha mchana.

Sugow alikwenda kwa Maalim Nuh, aliyefundisha watoto Kurani kijijini, akamweleza.

"Ulitia kitu ndani?" Maalim akauliza.

"Hata kidole."

"Basi hukumu yake inajulikana. Khamri ikigeuka siki yenyewe, bila mkono wa mtu, imetwaharika, na chombo chake kimetwaharika nayo. Siki au maziwa, kugeuka ni kugeuka. Ni halali." Akafikiri kidogo. "Wewe umeionja?"

"Nimeinusa tu. Maalim, ina moshi wa nyumba ya Ebla."

Maalim alisema moshi si jambo la fiqhi, amwulize Ebla.

Sugow alimweleza Ebla, na siku iliyofuata Ebla alishuka mpaka kivukoni. Sugow alimkuta amesimama kwenye matope, akamsogezea chupa moja iliyosubiri safari ya pili. Ebla aliinusa mdomoni. Akatia tone kwenye kiganja, akalamba.

"Ni ya yule mwekundu," alisema, "mwenye sikio lililochanika. Huyu maziwa yake yana chumvi kidogo. Na moshi ni wangu."

"Eddo," Sugow alimwita, kama mtu anavyomwita shangazi yake, "labda wanakamuliwa huko ng'ambo."

"Ngamia aliye hai maziwa yake yanakwenda kwa ndama wake. Hayaingii kwenye chupa ya mtu." Akajipangusa kiganja kwenye guntino yake, shuka ya kufunga begani. "Wamewachinja."

Mzabuni alikuwa amekaa kwenye kiti chake, anasikia kila neno kwa sababu Sugow alimtafsiria. Hakukana. Kukana kunahitaji aibu kidogo, na yeye hakuwa nayo.

"Tulichinja wote mwezi ule ule," alisema. "Jeshi lilitaka nyama. Ulidhani askari wanakula mchanga?"

"Mliniambia wanatunzwa."

"Walitunzwa. Wangeachwa porini wangeliwa na fisi."

Ebla aliyatazama mafuta kwenye shati la mzabuni, akijua sasa ni mafuta ya nani. Kisha akaomba chupa. Hakudai ngamia wala hakutaja haki. Alisema mzabuni hanywi maziwa, na mjukuu wake anakunywa, basi ampe.

Mzabuni alisema kwa upande wake hana neno, maziwa yenyewe yanamtia kichefuchefu. Lakini kuna kanuni, aulizwe msimamizi.

Msimamizi alitoka na brashi na kopo la rangi. Alisoma ubao wake mwenyewe kuanzia juu mpaka chini. Kanuni ilisema kitakachobaki kisifike nchi kavu. Haikusema kitakachobaki kiwe nini. Ili pasiwe na utata akaongeza mstari mmoja chini: kilichomo ndani ya chupa ya kileo ni kileo, hata kikigeuka. Akarudi kivulini, rangi ikakauka upesi kwa lile joto.

Kuanzia hapo walevi walijifunza kunywa haraka. Lakini Tana pale si pana, na mtu hata awe na koo la bomba hamalizi kila chupa kabla ya ukingo. Kila safari ya mwisho palibaki chupa za maziwa, na Sugow alizimwaga mtoni moja moja, mstari mweupe ukishuka na maji ya kahawia kuelekea chini. Wanawake waliochota maji waliweka madebe yao wakatazama. Hakuna aliyepiga yowe. Walisema leo ni mengi, au leo ni machache. Walinzi wa ukingo walikuwa na bunduki, na mamba walikuwa na mto.

Sugow alivumilia hivyo mpaka alipomwona Naimo. Ebla alikuwa amembeba mgongoni akitoka kuomba dirishani, na kichwa cha mtoto kilining'inia upande, naye halii. Jioni hiyo Sugow alimwaga chupa zote isipokuwa moja. Hiyo aliifunga kiunoni ndani ya macawiis yake, kikoi cha wanaume, akapita nayo mbele ya walinzi akitembea kama mwenye ngiri, akamkabidhi Ebla nyuma ya choo cha soko.

Ebla alikamatwa langoni. Askari aliona shingo ya chupa ndani ya shuka.

"Maziwa," alisema Ebla. "Nusa."

Askari alinusa. Alikuwa kijana mwaminifu. "Ni maziwa," alisema, akamwita msimamizi.

Msimamizi hakunusa. Alitazama karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. "Hii ni chupa ya nini?"

"Ya bia," alisema askari.

"Basi."

Ebla, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kukaa hata kivulini mwa nyumba ya pombe, akatiwa ndani kwa kupatikana na kileo nchi kavu. Katika chumba hicho walikuwemo wapika chang'aa wawili, wakampisha mkeka kwa heshima. Chupa iliwekwa dirishani kuwa ushahidi. Maziwa hayakuganda wala hayakuchacha. Ebla aliweza kuyaona kupitia nondo, na harufu ya moshi wake ilimfikia pale alipolala.

Sugow alikwenda mwenyewe kukiri. Alisema ni yeye aliyempa, afungwe yeye, mama aachiwe akamlishe mtoto. Msimamizi alimsikiliza vizuri. Akasema kosa ni kubwa, lakini akimfunga hatapata mtu mwingine wa kushika chupa, maana wote wamekataa. Akampigia muhuri mpya kwenye kibali na kumwamuru arudi kazini.

Majirani walimlisha Naimo walichokuwa nacho. Walikuwa na chai ya rangi. Alizikwa baada ya sala ya Alasiri, nje kidogo ya seng'enge, kwa kibali cha saa moja. Maalim Nuh ndiye aliyeswalisha. Siku hiyo pantoni ilifanya kazi kama kawaida.

Ebla alipoachiliwa hakwenda nyumbani kwanza. Alishuka kivukoni. Pantoni ilikuwa imegusa ukingo na Sugow ana chupa mkononi, ya abiria mmoja aliyeshuka. Ilikuwa imejaa. Aliyaangalia maziwa, akamwangalia Ebla, akaangalia walinzi. Wakati huo walinzi walikuwa wakitazama upande mwingine.

"Eddo," alisema taratibu, "chukua."

Ebla aliinusa kwa mbali. Ilikuwa ya yule mwekundu tena.

"Mwaga," alisema. "Sasa nimpe nani?"

Sugow akaimwaga. Kisha akashika waya, kwa sababu mzabuni hakushuka, alikuwa anavuka tena.