Kuku wa Mukamwana na Tomati Zilizoungua

Mukamwana yangu, muke wa mutoto wangu, hanisemeshe uso kwa uso. Njo heshima ya kwetu, hatutajane hata majina. Leo hayuko karibu, basi naweza kusema: Pascaline. Akiwa na neno kwangu, anamwambia kuku wake mweupe, na mimi niko pale nasikia.

Siku ya kwenda Kabambare kumwona mama yake mugonjwa, pikipiki iko inangojea, akamwambia kuku: chunga pepinyeri yangu, ile miche midogo ya tomati, maji asubuhi na jioni. Mbegu ni ya mama, na ingine hakuna.

Sasa mimi na akili zangu. Nikaona majani ya mungazi, muti wa mawese, yenye kufunika tomati yamekauka, yana matundu. Nikatoa bashe yangu ya buluu, ile turubai ya kuanikia mupunga, nikaifunga mpaka chini, na mawe pembeni. Nikaenda kunywa chai kwa rafiki yangu Djamali. Djamali akianza maneno, hamalizi. Nikarudi jua iko katikati ya kichwa.

Kufunua, mvuke ukanipiga kama wa sufuria ya sombe, majani ya muhogo yanayochemka. Tomati zote zimelala. Nikakamata ndoo, lakini jirani yetu Régina akanishika mukono.

"Baba, udongo iko moto. Unataka kuzipika mara ya pili?"

Akanifundisha: rudisha majani ya mungazi, yakae juu, upepo upite. Ngojea jua ishuke, halafu maji ya mutungi, polepole, ku mizizi. Jani lililokauka kabisa, kata. Moyo wa tomati, ile ncha ya katikati, acha.

Siku tatu nilikaa pale kama mutu wa matanga, hata chai ya Djamali nikaisahau. Siku ya ine, mu moyo wa moja, kakatokea kajani kadogo sawa ulimi wa mujusi. Kisha ingine. Karibu nusu zilikufa, zingine zikaamuka.

Pascaline akarudi, vumbi mpaka ku kope. Akachuchumaa, akagusa majani. Nikaona heri nitangulie.

"Kuku," nikasema, "mwambie ni muzee alifunika na bashe. Si mutu mwingine."

Akamugeukia kuku. "Kuku, mwambie baba, mama anaanza kula. Na hizi tuzingojee juma mbili, zipate nguvu, njo tuzihamishe. Bashe irudi ku mupunga."

Lakini kuku, kwa kutumwa sana, alikuwa amekwisha kuingia mu pepinyeri, anachakura.

"Baba, mukamate, uko karibu!"

Njo mara ya kwanza alinisemesha mimi mwenyewe. Nikamukamata.